Ramani tatu, ardhi moja

Msikilizaji, tandika mezani ramani ya mbuga ya Kahuzi-Biega, mashariki mwa Kongo. Weka juu yake ramani ya vibali vya madini, kisha ya misitu ya jamii. Ukifika wilaya ya Walikale, utaona mistari inapandana.

Mbuga hiyo ilianzishwa mwaka 1970. Mwaka 1975 ikapanuliwa hadi hekta 600,000 hivi, ikaingia Walikale, juu ya ardhi ya watu waliokuwa wakilima na kuwinda humo. Vibali vya madini hutolewa Kinshasa. Na tangu amri ya Agosti 2014, jamii inaweza kuomba msitu wake, usiozidi hekta 50,000. Kila ofisi ina karatasi yake.

Ramani zikiwekwa pamoja zinaweza pia kuonya. Katika wilaya jirani ya Masisi, mji wa Rubaya umebanana kando ya milima inayochimbwa madini ya koltani. Mvua ikizidi, udongo huporomoka juu ya wachimbaji. Ramani ya miteremko ikiwekwa juu ya ile ya makazi, itaonyesha mapema pasipofaa kujengwa nyumba.

Kwa maoni yangu, wachoraji wa kwanza wawe wanakijiji wenyewe: mama anayejua chemchemi, mzee anayejua makaburi. Mstari wa Kinshasa uchorwe baada yao.