Bomba la Kupampu au la Kujaza Upepo?
Mazungumzo na wafugaji wa Nyamwaga kuhusu kuogesha mifugo nyumbani



Ng'ombe akipita joshoni huzama mwili mzima, na dawa humfikia kila mahali. Anayeogeshwa nyumbani anategemea bomba lako na mkono wako. Kupe wa masikio, anayeeneza ndigana kali, huhitaji siku chache tu za kunyonya ili amwambukize ndama. Sehemu uliyoiruka leo inaweza kukugharimu mtamba uliyemtegemea kwa maziwa, mahari au ada ya mtoto. Kwa hiyo bomba lichaguliwe kwa makini.

Madukani utakuta aina mbili. Ya kwanza ni bomba la mgongoni lenye mpini. Mkono mmoja unapampu, mwingine unanyunyiza. Tangi lake hubeba lita 15 hadi 20. Maadamu unaendelea kupampu, nguvu haipungui, na ng'ombe wa mwisho anapata dawa kama wa kwanza.

Ya pili ni bomba la kujaza upepo, mara nyingi la lita 5 hadi 8. Unatia dawa, unafunga, unasukuma upepo ndani, kisha unanyunyiza. Uzuri wake ni kwamba mkono wa pili unabaki huru: unashika sikio, unainua mkia. Lakini dawa ikipungua tangini, upepo nao unalegea. Usipoongeza upepo, mnyama wa mwisho atapata matone tu. Tena usilijaze hadi juu. Acha nafasi ya upepo.

Basi ukiwa na ndama, mbuzi au ng'ombe wawili watatu, la upepo linakutosha. Ukiwa na ng'ombe zaidi ya hapo, nunua la mgongoni. Kundi likiwa kubwa, pampu ya kukanyaga inayovuta dawa kwenye ndoo hufaa zaidi: mmoja anakanyaga, mwingine ananyunyiza. Na josho likiwa karibu na linafanya kazi, peleka kundi huko.

Ukijaribu bomba dukani, usivutiwe na ukungu mzuri unaopepea. Ukungu huchukuliwa na upepo, au hukaa juu ya manyoya. Kupe yuko chini, kwenye ngozi. Legeza nozeli upate matone mazito, nyunyiza kinyume cha manyoya, mpaka dawa idondoke tumboni. Pima hivi: tangi la lita 20 likimaliza ng'ombe wakubwa 10, kila mmoja amepata lita 2 tu. Hao hawajaoga, wamepakwa.

Mfunge mnyama kwenye kibano. Anza mgongoni, shuka ubavuni, kisha tumbo, kiwele, mapajani, chini ya mkia na katikati ya kwato. Malizia masikioni, ukikinga macho yake.

Dawa ipimwe kwa kipimo, wala si kwa kifuniko cha chupa. Kama kibandiko kinasema mililita 20 kwa lita 10 za maji, basi lita 20 zinataka mililita 40. Ukiipunguza ili idumu, kupe hawafi, na wanaobaki huzoea dawa. Fuata pia siku za kusubiri kabla ya kunywa maziwa au kuchinja.

Nawe jikinge: vaa glavu, buti na kitambaa puani, simama upepo ukitokea nyuma yako. Bomba la upepo lisifunguliwe kabla ya kuutoa upepo wote, maana dawa itakurukia usoni. Ukimaliza, lisafishe mbali na mto na kisima, na lisitumike tena kubebea maji ya nyumbani.

Kabla ya kununua, hesabu mifugo yako, kisha muulize mtaalamu wa mifugo wa kata ni dawa ipi itumike na uogeshe kila baada ya siku ngapi. Siku mbili baada ya kuogesha, pitisha vidole ndani ya masikio ya ndama. Ukikuta kupe bado wananyonya, rudi ukague bomba, kipimo na mkono wako.