Siku ya Kwanza Katika Mji Usioujua

(Mazungumzo ya redio juu ya amani, kwa jamaa zilizohama na kwa viongozi wa kartye. Katoyi, Goma)



Leo tuzungumze juu ya siku moja tu, siku ya kwanza ya mtu anayeingia Goma bila kujua njia wala mtu.

Mwaka 2023 mama mmoja alikimbia vita huko Masisi pamoja na watoto wake watatu. Walipita Sake, wakapita Mugunga na Ndosho, wakafika hapa Katoyi jioni. Pikipiki zilipita huku na huku, chini ni mawe meusi matupu, na watoto walishika kitenge cha mama yao wasipotee. Vijana wakamwuliza: «Mama, unatokea fasi gani?» Akajibu: «Natokea Katoyi.» Wakacheka: «Katoyi ni hapa!» Akarudia vilevile: «Natokea Katoyi.» Hapo kicheko kikaisha. Mmoja akasema: «Huyu anatudanganya. Ametumwa.» Watu wakaanza kukusanyika.

Ndugu zangu, mnajua neno hilo «ametumwa» linaweza kumfikisha mtu wapi katika mji wetu.

Aliyemwokoa ni mama mwenye kuuza maharage. Alisema: «Mumuache. Kuko Katoyi ingine kule Masisi, ni sekta nzima. Haya maharage yangu yanatoka kule.» Kisha akauliza neno ambalo hakuna mwingine aliyeliuliza: «Watoto wamekula?»

Mama yule mgeni hakusema uongo hata kidogo. Sisi ndio hatukujua. Mimi nilisoma sheria chuo kikuu, na huko nilifundishwa kwamba mtu hahukumiwi kabla ya kusikilizwa. Mwuza maharage hakusoma sheria, lakini siku ile yeye ndiye aliyeitimiza.

Tukumbuke pia mwaka 2021. Nyiragongo ililipuka tarehe 22 Mei, na tarehe 27 Mei watu wa kartye nyingi za Goma wakaambiwa wahame. Wengi tulikwenda Sake. Mimi nilifika usiku, godoro kichwani, sijui maji yako wapi wala choo kiko wapi. Baba mmoja akatufungulia jiko lake, tukalala humo watu kumi na mmoja. Hakutuuliza kabila. Basi wanaotufikia leo kwa barabara ya Sake, huenda mmoja wao ni mtoto wa baba yule.

Sheria nayo inasema wazi. Katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 30, inampa kila mtu aliye katika nchi haki ya kutembea kwa uhuru na ya kukaa mahali anapotaka, kwa kufuata sheria. Mkongomani aliyehama kwa sababu ya vita hakupoteza uraia wake njiani.

Viongozi, ninyi ninawaomba mambo matatu. Mwandikeni mgeni katika daftari siku ileile, wala msimwuzie maandishi hayo. Mkiwa na mashaka, mketisheni, mmtafute mtu anayejua kwao, aongee naye juu ya soko, shule na shefu wa kule. Tena msiache kundi la watu barabarani liwe tribinali. Kuwa na mashaka si kosa, lakini mashaka si ushahidi.

Nanyi mliofika sasa hivi, jueni kwamba mlima Nyiragongo uko kaskazini na ziwa Kivu liko kusini. Barabara ya Sake inakwenda magharibi. Mkipotea, anzeni hapo. Siku ya kwanza jifunzeni jina la kartye, la avenyu na la kiongozi wa nyumba kumi, na watoto walirudie mpaka walale. Kadi ya uchaguzi ikae mwilini, isikae ndani ya mzigo. Nendeni wenyewe kwa kiongozi kabla hajawatafuta. Na mkijibu, jibuni kwa kirefu: «Natokea Katoyi ya Masisi.» Neno moja la kuongeza linaweza kuokoa maisha.

Wazee walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Walisema tena: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Lakini siku ya tatu haifiki kama siku ya kwanza tumempokea kwa mawe.

Maswali ya kuzungumza nyumbani:

1. Mgeni akifika kwenye avenyu yenu leo jioni, nani atakuwa wa kwanza kusema naye, na atamwuliza nini?

2. Wewe mwenyewe, siku yako ya kwanza ugenini, nani alikuonyesha njia?