Roketi ya chupa ya soda



Ndugu zangu vijana, na nyinyi wazazi wetu mlioshika jarida hili. Kila Ramadhani ikikaribia kuisha, mambo ni yale yale: fataki. Mtoto kaficha baruti mfukoni, angoja watu watoke tarawehe. Wazee wakaripia, yeye acheka, mpaka siku aungue vidole. Mimi sikuja kukaripia. Nasema hivi: mtoto anayetaka kuona kitu kikipaa hana ubaya. Tumpe kitu bora cha kurusha.

Najua utasema roketi ni mambo ya Wazungu huko mbali. Hebu ngoja. Hapa hapa Pwani, baharini kwenye Ghuba ya Ngwana karibu na Malindi, Waitaliano wakiongozwa na Profesa Luigi Broglio walisimamisha jukwaa la chuma liitwalo San Marco. Kati ya 1967 na 1988 zilirushwa satelaiti 9 kutoka pale, zikibebwa na roketi za Kimarekani aina ya Scout. Moja ilipaa tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya Jamhuri, ikapewa jina la Kiswahili: Uhuru. Ndiyo satelaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahsusi kuchunguza eksirei zitokazo angani. Na kwa nini walikuja kwetu? Kwa sababu kwenye ikweta ardhi yazunguka kuelekea mashariki kwa kasi ya takriban kilomita 1,670 kwa saa, na mashariki mwetu ni bahari tupu. Roketi yapata msukumo wa bure, na ikianguka haimwangukii mtu.

Wala si jambo geni kwa Waislamu. Hasan al-Rammah wa Shamu aliandika habari za baruti na roketi katika karne ya 13. Tipu Sultan wa Mysore, kule India, aliwapiga Waingereza kwa roketi za mabomba ya chuma, nao wakaziokota, wakaenda kuziiga kwao.

Sasa hapa tuelewane vizuri. Kuna atakayeingia kwenye intaneti akute namna ya kupika fueli ya roketi jikoni. Simama hapo hapo! Sheria ya Kenya hairuhusu mtu kutengeneza vitu vya kulipuka bila leseni. Na tuambiane ukweli: kijana wa Kiislamu wa Kwale akikutwa na bomba na unga wa baruti chumbani, nani atamsikiza akisema ni mchezo tu? Mamake ndiye atakayeshinda kituoni, na saumu yake. Wanafunzi wa JKUAT kule Juja wana mradi wao wa roketi uitwao Nakuja, lakini wao wana chuo na walimu nyuma yao. Ukitaka hizo, soma fizikia ufike huko.

Sisi tuanze na roketi ya maji. Haina moto, haina moshi, na yapaa kweli kweli.

Chukua chupa ya plastiki ya soda ya lita 1.5 au 2. Isiwe ya maji ya kunywa, ile ni nyembamba, haikuumbwa kuzuia gesi. Tafuta kizibo cha mpira kinachobana mdomo wake, ukitoboe, upitishe valvu ya tyubu ya baiskeli. Tia maji theluthi moja tu. Ukijaza yote hakuna nafasi ya hewa ya kusukuma. Ukiacha hewa peke yake, ni nyepesi, msukumo wake mdogo. Geuza chupa mdomo chini kwenye kigingi chake, kaa mbali kwa mpira mrefu wa pampu, pampu. Kizibo kikishindwa chafyatuka, maji yarushwa chini, chupa yaenda juu. Usiiinamie hata kidogo, hata ikionekana imekwama! Chupa iliyokwaruzika au kupinda, tupa.

Mapezi kata kwenye katoni ngumu, matatu au manne, uyafunge kwa selotepu. Gundi kali zingine hula plastiki. Kichwani tia udongo kidogo uwe mzito. Babu zetu walijua haya kwenye mshale: chuma mbele, manyoya nyuma. Kujua kama imekaa sawa, funga uzi pale roketi inapojipima yenyewe, ikiwa haina maji, uizungushe hewani. Kichwa kikitangulia, iko tayari. Mkia ukitangulia, ongeza udongo. Parashuti kata kwenye mwavuli mbovu, maana mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku 2017.

Mahali nako kuna mambo. Diani usijaribu, uwanja wa ndege wa Ukunda uko pale pale na hoteli zimejaa. Pwani ya Msambweni, maji yakiwa yametoka, au uwanja wa shule ukiomba ruhusa kwa mwalimu. Mpashe habari mzee wa kijiji pia. Wakati wa kusi roketi hugeuza kichwa kuufuata upepo unakotoka, ikaenda upande badala ya juu, kwa hivyo ngojea upepo upoe. Minazi ikae mbali, kama hutaki kumlipa mkwezi.

Na utajuaje imefika juu kiasi gani? Simama mita 50 kutoka pale inaporushwa, shika kipimapembe chenye uzi na kijiwe, uiangalie ikifika kileleni. Pembe ikiwa nyuzi 45, imepanda mita 50, ongeza urefu wa macho yako. Pembe nyingine zataka tanjenti, ile ile ya darasani. Al-Biruni alipima urefu wa mlima kwa pembe, kisha akautumia kukadiria ukubwa wa dunia. Nyinyi anzeni na chupa, baada ya Alasiri, mmoja apampu, mmoja apime, mmoja aandike daftarini maji yalikuwa kiasi gani. Kesho yake mbadilishe kiasi cha maji peke yake, mrushe tena.

Wabillahi tawfiq.