Vituo vya Huduma vya Kampuni za Kimataifa: Mazungumzo kwa Watumishi wa Serikali na Wakazi wa Kiseke



Mazungumzo haya yanahusu aina ya vitega uchumi ambayo bado haijazoeleka katika mwambao wa Ziwa Victoria. Mwanza inakifahamu kiwanda. Tangu miaka ya 1990 viwanda vya minofu ya sangara vimeajiri watu wengi, na mwaka 1999, Umoja wa Ulaya ulipozuia samaki wa Ziwa Victoria, mji mzima ulitambua maana ya kutegemea mnunuzi mmoja aliye mbali. Kituo cha huduma ni kitu kingine. Hakina bomba la moshi wala gati la kupakilia mizigo. Ni ofisi ambayo kampuni yenye makao makuu katika nchi nyingine huifungua ili kazi zake za hesabu, kujibu simu za wateja, kupanga kumbukumbu au kutengeneza programu za kompyuta zifanyike mahali penye watu wenye ujuzi na gharama nafuu. Kinachosafirishwa ni kazi yenyewe, na njia yake ni mkongo wa mawasiliano.

Mfano ulio karibu uko Zanzibar. Mwezi Agosti 2022 Serikali ya Mapinduzi, kupitia Wizara yenye dhamana ya uwekezaji, ilizindua mpango uitwao Silicon Zanzibar kwa kushirikiana na kampuni ya Wasoko, ambayo huwauzia wenye maduka madogo bidhaa kwa njia ya simu katika nchi kadhaa za Afrika. Wasoko ndiyo iliyotangulia kuweka kituo chake cha ubunifu huko. Eneo lililochaguliwa ni Fumba, kusini mwa mji wa Zanzibar, ambalo limekuwa eneo huru la uchumi tangu miaka ya 1990. Kampuni ziliahidiwa msamaha wa kodi ya mapato kwa miaka 10, vibali vya kazi vya haraka kwa wataalamu wa kigeni, na makazi ya kisasa karibu na ofisi.

Hapana shaka mpango huo uliipatia Zanzibar sifa. Lakini mwezi Agosti 2024, miaka miwili tu baada ya uzinduzi, Wasoko ilikamilisha muungano wake na kampuni ya MaxAB ya Misri. Kampuni iliyokuwa nguzo ya mpango ikawa sehemu ya kampuni kubwa zaidi, yenye mizizi mingine na hesabu nyingine. Hilo si kosa la Zanzibar. Ndiyo tabia ya biashara hii: kiwanda kikiondoka huacha jengo na mitambo, bali kituo cha huduma huweza kuhama na kompyuta zake kwa siku chache. Msamaha wa kodi huileta kampuni. Hauna uwezo wa kuizuia isiondoke.

Aidha, yafaa lieleweke jambo ambalo aghalabu husahauliwa katika vikao vya mikoa. Zanzibar ina Serikali yake, Baraza lake la Wawakilishi na sheria yake ya uwekezaji. Hata hivyo, kodi ya mapato na uhamiaji ni mambo ya Muungano, kwa hiyo ahadi za Fumba zilihitaji maelewano na upande wa pili. Mkoa wa Mwanza hauna hata hicho. Mkoa hautungi sheria ya kodi. Manispaa ya Ilemela hutoza ushuru wa huduma kutokana na mapato ghafi ya kampuni, pamoja na ada za leseni na vibali. Misamaha mikubwa hutolewa na sheria za nchi. Sheria ya mwaka 2002 ya maeneo ya uzalishaji kwa ajili ya mauzo ya nje ilitoa miaka 10 ya msamaha wa kodi ya mapato ya kampuni, na ikagusa hata tozo za serikali za mitaa kwa bidhaa zinazozalishwa humo. Mwaka 2025 Kituo cha Uwekezaji na Mamlaka ya EPZ viliunganishwa kuwa mamlaka moja, TISEZA. Mwekezaji ajaye Kiseke atakuwa amekwisha kuzungumza na mamlaka hiyo kabla ya kuonana na mtendaji wa kata.

Ni nini basi kilichobaki mikononi mwa Ilemela? Ni ardhi iliyopimwa na yenye hati, kibali cha ujenzi kisichokaa mezani miezi, na watu. Katika hayo matatu, watu ndio wenye uzito. Mwanza ina Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino huko Malimbe, ina matawi ya vyuo vya fedha na biashara, na Mkongo wa Taifa umekwisha kufika. Umeme ulisumbua katika mgao wa mwishoni mwa mwaka 2023, na nafuu ilipatikana baada ya bwawa la Julius Nyerere kuanza kuzalisha mwaka 2024. Upungufu uliopo ni wa lugha. Kazi nyingi za aina hii hufanywa kwa Kiingereza, na kijana aliyefaulu mtihani kwa Kiingereza cha kukariri hawezi kumjibu mteja aliyekasirika kwa simu. Kwa upande mwingine, Kiswahili huzungumzwa Kenya, Uganda na mashariki ya Kongo. Kampuni yenye wateja huko yaweza kuwahudumia kutoka Mwanza kwa ufasaha ambao miji mingi inayoshindana nayo haina. Ajabu ni kwamba hoja hiyo haitajwi sana katika mialiko ya wawekezaji.

Liko pia suala la aina ya kazi. Nairobi ilitangulia, na yaliyotokea huko yanastahili kuzingatiwa. Kampuni ya Sama iliajiri vijana kuchuja picha na maandishi machafu kwa niaba ya Meta, mmiliki wa Facebook. Mwezi Mei 2022 aliyekuwa mfanyakazi alifungua kesi akilalamikia malipo duni na madhara ya akili. Mwezi Januari 2023 Sama ilitangaza kuiacha kazi hiyo, na mwezi Machi wafanyakazi 184 wakaenda mahakamani. Meta ilidai kwamba haiwezi kushitakiwa Kenya kwa kuwa si mwajiri na haina makao huko. Mwezi Septemba 2024 Mahakama ya Rufani iliikatalia. Miaka miwili na zaidi ilipita katika kubishana tu ni nani wa kujibu. Kwa hiyo mkataba wowote wa Ilemela hauna budi kumtaja mwajiri halisi, muda wa ajira, huduma ya matibabu, na idadi ya wazalendo watakaofundishwa kazi za juu, si za kupokea simu pekee. Masharti hayo huwekwa kabla ya kiwanja kutolewa. Baada ya hapo manispaa haina tena cha kushika.

Kuhusu kiwanja, wakazi wa Kiseke wana haki ya kuuliza mapema. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inadai fidia kamili, ya haki na kwa wakati. Mwenye shamba au nyumba atakayefikiwa na wapimaji aombe kuona mchoro wa mipango miji, jina la atakayemilikishwa na fomu ya uthamini yenye jina lake mwenyewe, na nakala yake abaki nayo. Mtendaji wa mtaa atakayeulizwa asikasirike, kwani hizo ndizo karatasi ambazo mwekezaji makini naye ataziomba siku ya kwanza.