Kikombe au Daraja?
Hotuba ya Karani wa Chama juu ya timu yetu ya mpira, iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Halmashauri imeniagiza niseme mbele yenu juu ya jambo ambalo limewagawa watu tangu mwezi uliopita, nalo ni hili: timu yetu ya mpira ifuate kikombe, au ifuate kupanda daraja? Sikupewa kazi hii kwa kuwa mimi ni mchezaji hodari; miguu yangu wengi wenu mnaijua. Nimepewa kwa sababu daftari la fedha liko mezani pangu, na jambo hili, ingawa linaitwa mchezo, limekwisha kuwa jambo la fedha.

Kwanza nieleze hali ilivyo, maana wazee kadha wameniuliza kama kikombe na ligi si kitu kimoja. Si kitu kimoja. Kikombe ni mashindano ya mtoano: atakayeshindwa leo hufunga mizigo yake na kurudi kwao. Ligi ni mzunguko: kila timu hukutana na kila timu, nyumbani na ugenini, kushinda ni pointi tatu, kwenda sare ni pointi moja, na mwisho wa msimu pointi huhesabiwa. Walio juu hupandishwa daraja, na walio mkiani huteremshwa. Basi vijana wetu wamefika nusu fainali ya kikombe kitakachomalizikia Lodwar, na wakati huo huo wako nafasi ya pili katika ligi, zimebaki mechi nne. Mbili kati ya hizo zimeangukia juma lile lile la kikombe. Lori ni moja, na fedha tulizo nazo ni za lori hilo moja.

Wako wanaosema, "Twende tukalete kikombe, kiwekwe mahali kila mtoto akione." Wako wanaosema, "Kikombe ni bati. Daraja ndiyo heshima." Nimezisikiliza pande zote mbili, na kwa maoni yangu kila upande umeshika nusu ya neno.

Jambo hili si geni duniani. Huko Uingereza, ambako mpira wa namna hii ulitungiwa sheria, kikombe ndicho mkubwa kwa umri: kilianza mwaka 1871, na ligi haikuanza mpaka mwaka 1888. Katika miaka ile kumi na saba klabu ziliona taabu ya ajabu. Timu ikitolewa mapema katika kikombe, ilikaa bila mechi ya maana. Ikiwaalika wenzake kwa mchezo wa kirafiki, wenzake wakiitwa kwingine kwenye kikombe hawakuja, na watu waliokwisha kufika uwanjani walirudi nyumbani wamekasirika. Ndipo Bwana William McGregor wa klabu ya Aston Villa alipoziandikia klabu nyingine barua, akasema na tukubaliane juu ya mechi zenye tarehe zisizovunjwa. Klabu kumi na mbili zikakubali. Naomba mlishike neno hili, maana nitalirudia: ligi ilizaliwa ili timu iwe na kazi ya uhakika mwaka mzima. Heshima ilikuja baadaye.

Kwetu Afrika ya Mashariki nako kikombe kilitangulia. Kikombe cha Gossage, kilichotolewa na watengenezaji wa sabuni, kilianza kugombewa baina ya Kenya na Uganda mwaka 1926. Ligi ya taifa ya Kenya ilianza mwaka 1963, na Nakuru All Stars ndio waliokuwa mabingwa wa kwanza. Na jina la mpira wa Kenya lilipovuma kupita yote katika Afrika, lilivuma kwa kikombe: mwaka 1987 Gor Mahia walitwaa Kombe la Washindi wa Afrika kwa kwenda sare na Espérance ya Tunis, mabao 2 kwa 2 kule Tunis na 1 kwa 1 Nairobi, wakapewa ushindi kwa mabao ya ugenini. Waliokuwako uwanjani Nairobi siku ile ni wazee sasa, na bado husimulia.

Kwa hiyo asiye na ubavu wa ligi ndefu asidharau kikombe. Mathare United, timu iliyotokana na vijana wa mitaa ya mabanda ya Nairobi, ilitwaa kikombe cha nchi mwaka 1998 kabla haijaingia katika ligi kuu. Baadaye, mwaka 2008, ikawa bingwa wa ligi hiyo pia. Na juzi juzi, mwaka 2025, Nairobi United walifanya yote mawili kwa msimu mmoja: walipanda daraja kuingia ligi kuu, tena wakawafunga Gor Mahia mabao 2 kwa 1 katika fainali ya kikombe. Vijana wetu wamelitaja jina la Nairobi United mbele yangu mara nyingi. Nimewajibu kwamba Nairobi United walikuwa na kikosi cha kutosha kucheza kote kuwili. Sisi tuna wachezaji kumi na sita, na wanne kati yao huwa majini samaki wakipatikana kwa wingi.

Sasa niwaeleze habari za Wigan, mji katika Uingereza ambao timu yake si kubwa. Tarehe 11 Mei 2013 Wigan waliwafunga Manchester City, matajiri wakubwa, bao 1 kwa 0 katika fainali ya kikombe, na bao lenyewe lilipatikana mechi ikiwa ukingoni. Haikuwa imepata kutokea kwao. Siku tatu baadaye, tarehe 14, walifungwa na Arsenal mabao 4 kwa 1, wakateremshwa daraja baada ya kukaa huko juu miaka minane. Kikombe mkononi, na mlango umefungwa nyuma yao. Wengine hutaja habari hii kuwa onyo: tazameni, kikombe kiliwapoteza. Mimi siamini hivyo. Timu nyingi huteremshwa kila mwaka bila kikombe chochote, na hakuna anayezikumbuka. Muulizeni mtu wa Wigan kama angekubali kukirudisha kikombe kile ili abakizwe daraja la juu mwaka mmoja zaidi.

Habari inayonitia hofu iko karibu zaidi na kwetu. SoNy Sugar, timu ya kiwanda cha sukari cha Awendo, ilikuwa bingwa wa Kenya mwaka 2006. Mwaka 2019 kiwanda kiliishiwa nguvu za fedha, timu ikashindwa kusafiri. Ikakosa mechi moja, ikakosa ya pili, ikakosa ya tatu, na kwa sheria ikaondolewa katika ligi msimu ukiwa bado haujafika nusu. Hawakushindwa na miguu ya mtu. Walishindwa na nauli. Ikiwa bingwa wa nchi mwenye kiwanda nyuma yake aliweza kupatikana na hayo, sisi tulio na mifuko ya samaki wakavu tutajilindaje?

Hapa ndipo napenda wazee wanisikilize vizuri. Watu wetu wanasema "ligi" na "kupanda daraja" kana kwamba ni neno moja, na kumbe ni maneno mawili. Ligi tuliyomo tunaimudu, ingawa kwa shida. Kutoka Lowarengak hata Lodwar, kama ungeruka kama ndege, ni zaidi ya kilometa 130, na lori haliruki. Linazunguka, linazama mchangani, na mvua ikinyesha milimani linangojea lagga lipungue, pengine hadi usiku. Kutoka Lodwar hata Kakuma ni karibu kilometa 120 nyingine. Hayo tunayajua, na ndugu zetu walioko miji hiyo miwili huwalaza vijana na kuwapa chakula. Lakini tukipanda, tutapangwa na timu za kusini ambako hatuna hata nyumba moja ya ndugu. Kutoka Lodwar hata Kitale peke yake ni karibu kilometa 300. Si safari ya mara moja kama kikombe. Ni ya kwenda na kurudi, juma kwa juma, pamoja na malazi, chakula, na daktari mtu akivunjika. Nimeyaandika yote katika daftari, na kila mwanachama anaruhusiwa kuja kulisoma.

Na mfuko wetu ni mfuko wa nini? Chama hiki hakikuanzishwa kwa ajili ya mpira. Kilianzishwa ili mtu wetu akifa mbali arudishwe, mgonjwa afikishwe hospitali, na mtoto aliyefaulu asikae nyumbani kwa kukosa karo. Mwezi wa Februari 2025 wavuvi wetu waliposhambuliwa upande wa Todonyang, hatukuitisha mkutano kujadiliana kama fedha zipo. Tulifungua sanduku siku ile ile. Mama zetu wanaoanika samaki pale ufukweni walitoa kabla ya sisi wenye mishahara. Sitapenda kusimama hapa mwaka ujao niwaambie kwamba sanduku limefunguliwa na ndani mna risiti za mafuta ya lori.

Vijana wananipinga, na hoja yao ina uzito. Nahodha wetu aliniambia hivi: "Karani, kikombe kitatufanya tujulikane Jumapili moja. Tukipanda, wenye klabu kubwa watatuona kila juma." Tena wanamtaja Awer Mabil, ambaye alizaliwa katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma mwaka 1995, akacheza mpira wa matambara katika vumbi lile lile tunalolijua sisi, akaenda Australia mwaka 2006. Mwezi wa Juni 2022 alifunga penalti yake dhidi ya Peru, na Australia ikapata nafasi ya kwenda Kombe la Dunia. Ni haki wajivunie mtu wa Kakuma. Walakini hakupandishwa daraja na klabu. Alipata njia ya kutoka, akaonekana huko alikokwenda. Basi kama hamu ya vijana wetu ni kuonekana, na tuwafungulie njia hiyo. Imekuwa desturi yetu kumnyima mchezaji barua ya ruhusa akitakiwa na klabu ya Lodwar, kwa kusema ametusaliti. Desturi hiyo ife. Mchezaji atakayeitwa aende na baraka za wazee, na Chama kimwandikie barua yake siku hiyo hiyo bila kudai shilingi.

Niseme pia juu ya uwanja, kwa kuwa hakuna aliyeutaja katika mabishano haya yote. Milingoti ya goli ni magogo ya mikoma yaliyoanza kuliwa na mchwa. Miiba ya mathenge imetuharibia mipira kadha msimu huu, na kila mpira unaotobolewa ni fedha. Upepo wa ziwa hatuwezi kuuzuia, lakini mathenge tunaweza kuyang'oa kwa mikono, hata bila kuchanga. Tunazungumza habari za kwenda Kitale, na kipa wetu anadaka akiwa na mwiba gotini.

Kwa hayo, Bwana Mwenyekiti, Halmashauri inaleta maombi yafuatayo mbele ya mkutano. Kikosi kamili kiende Lodwar kwenye kikombe, maana ni safari moja, mahali pamoja, kati ya ndugu, na nusu fainali haipatikani kila mwaka. Mechi mbili za ligi zitakazogongana na kikombe tuombe kwa barua zisogezwe. Zisiposogezwa, watakaobaki nyumbani wavae jezi za zamani wakacheze, hata wakiwa kumi na mmoja kamili bila wa akiba, hata wakifungwa. Timu yetu isiandikwe kamwe kwamba haikutokea. Nimekwisha kusema ligi ilizaliwa kwa sababu gani: ndiyo inayowapa vijana wetu kazi ya Jumamosi kwa Jumamosi, na wapinzani waliokubali kutungoja hawapaswi kungoja bure.

Na kama Mungu akitujalia tukamaliza nafasi ya kupanda, tusipokee nafasi hiyo kwa furaha ya siku moja. Ufunguliwe mfuko wa safari peke yake, usiochanganywa na mfuko wa misiba na karo. Fedha za msimu mzima wa ugenini zikiwamo kabla ligi mpya haijapangwa, tutapanda. Zisipokuwamo, nitamwandikia katibu wa ligi mapema na kwa adabu kwamba tunaomba kubaki tulipo. Najua wako watakaoona hiyo ni aibu. Nimesikia hata neno "woga" likisemwa pale mlangoni, na aliyelisema nampenda, kwa kuwa hakosi mechi hata moja. Namwomba yeye awe mweka hazina wa mfuko huo mpya.

Barua mbili nimekwisha kuzitayarisha: ya kuomba mechi zisogezwe, na ya kuwashukuru wenye lori. Zinangojea sahihi ya Mwenyekiti, mkikubali. Lori litaondoka sokoni Lowarengak siku ya Alhamisi saa kumi alfajiri. Ndugu wa Lodwar wenye nafasi ya kulaza wachezaji wawili au watatu, tafadhali andikeni majina yenu katika karatasi hii kabla hamjatoka kwenda kunywa chai.