Jina la Mahali na Ulimi wa Mwenyeji



Katika mazungumzo yetu ya leo twapenda kunena juu ya jambo ambalo kwa kulitazama ni dogo, walakini limekwisha kuwagombanisha watu wengi: ni nani mwenye haki ya kuamua jinsi jina la mahali litamkwavyo?

Twende Lituhi, ukingoni mwa Ziwa Nyasa, karibu na mahali mto Ruhuhu umwagapo maji yake. Tukiketi hapo jioni, mitumbwi ikipandishwa mchangani, hatukawii kusikia mabishano. Mzee wa Kiyao ataja Luvuma, na kijana aliyetoka shule amcheka: “Babu, si Luvuma, ni Ruvuma!” Mzee hunyamaza, na wenzake kijana hucheka pamoja naye.

Basi, ni nani aliyekosa? Kiyao hakina sauti ya r, kwa hiyo Luvuma ndivyo babu zake mzee walivyouita mto huo. Sisi twaandika Ruvuma. Upande wa Msumbiji Wareno waliandika Rovuma, na hata leo ndivyo uandikwavyo huko. Mto ni mmoja. Tena tukitazama majina ya mito yetu, Rufiji, Ruaha, Lukuledi, twaona kwamba ru na lu ni ndugu wa tumbo moja. Kijana alidhani anasahihisha kosa, kumbe alikuwa akimcheka babu kwa lugha ya mama yake.

Na ziwa lenyewe je? Livingstone alilifikia mwaka 1859, akaliandika Nyassa. Neno hilo maana yake ni maji makuu tu. Wanyanja husema nyanja, na watu wa kaskazini husema nyanza. Kwa hiyo asemaye Ziwa Nyasa amesema “ziwa ziwa”! Nchi ya ng'ambo ilipopata uhuru mwaka 1964 ilijiita Malawi, na ziwa ikaliita hivyo hivyo. Jina hilo nalo lina ndugu yake: katika vitabu vya Wareno wa zamani watu wale waliandikwa Maravi. Hapa jambo si la mzaha tena, kwa maana nchi hizi mbili zingali zabishana juu ya mpaka. Malawi yashika mapatano ya Waingereza na Wadachi ya mwaka 1890, yaliyoupitisha mpaka ufukoni mwa mashariki. Tanzania yasema mpaka ni katikati ya maji. Kwa hiyo mvuvi atajapo jina la ziwa, wako watakaodhani amekwisha kuchora mpaka, naye alikuwa akieleza tu alikotega nyavu zake.

Wako pia waliokuja na majina yao wenyewe. Wadachi waliiita Liuli Sphinxhafen, na Manda wakaiita Wiedhafen. Mwezi wa Agosti 1914 meli ya Waingereza, Gwendolen, iliishambulia meli ya Wadachi, Hermann von Wissmann, ilipokuwa Sphinxhafen. Mtoto wa Liuli aweza kuisoma habari hiyo kitabuni toka mwanzo hata mwisho, asijue kwamba yasemwa juu ya kijiji chake. Lakini majina yale ya kigeni yalipita pamoja na wenyewe, na Liuli na Manda yakabaki, kwa kuwa yalikuwa midomoni mwa watu.

Wasikilizaji wetu, hatusemi kwamba maandishi hayafai. Barua yataka jina moja, na ramani kadhalika; bila hivyo mzigo utapotea njiani. Walakini kuandika kwa namna moja hakumlazimishi mtu kutamka kwa namna moja. Mgeni afikapo mahali, na aulize kwanza, “Ninyi mwapaitaje?” Na mwenyeji naye asimwonee mgeni ambaye ulimi wake ni mzito. Mwalimu akimfundisha mtoto kuandika Ruvuma, amwambie pia ya kuwa babu yake hakukosea.

Kwaherini.