Kinyozi, Leseni Yako na Afya ya Mteja

Hotuba ya Afisa wa Habari wa Kaunti kwa vinyozi na wasusi, katika kikao cha kuwakumbusha kuhusu leseni za biashara

Asanteni kwa kufunga maduka asubuhi hii ili tuzungumze. Najua kila kichwa kilichopita mlangoni ni pesa mliyopoteza, kwa hivyo sitawachelewesha.

Nianze na leseni. Chini ya Katiba ya mwaka wa 2010, kutoa leseni za biashara ni kazi ya serikali za kaunti. Ada yako hutokana na Sheria ya Fedha inayopitishwa na bunge la kaunti, na hutegemea aina na ukubwa wa biashara. Kwa hivyo usikubali kukadiriwa bei barabarani. Lipa kwa simu au benki, hifadhi risiti, kisha ubandike leseni ukutani mahali inapoonekana. Soma tarehe ya mwisho leo, usingoje kukumbushwa na kanjo. Na ukihama duka au kubadilisha biashara, tujulishe kabla ya kulipia upya.

Afisa wa afya ya umma naye atakuja kukagua. Anafanya hivyo kwa mujibu wa Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242. Ataangalia maji, taka, hewa na vifaa vyako. Mkaribishe, muulize maswali. Ushauri wake hauna malipo.

Sasa nifike kwa jambo lililonileta hasa. Leseni ile ni ya biashara. Inasema duka limeruhusiwa kufunguliwa; haisemi kwamba mkono ulioshika mashine umefunzwa. Hakuna anayekulazimisha kurudi darasani kila mwaka unapolipia upya. Hilo limeachiwa dhamiri yako.

Mwaka jana nilimpeleka mwanangu anyolewe kabla ya shule kufunguliwa. Duka lilikuwa na leseni, tena halali, niliiona. Baada ya majuma machache kichwa chake kilijaa mapunye. Nilipaka mafuta, hayakusaidia, maana ugonjwa huo huingia hadi kwenye mzizi wa nywele. Alimeza dawa kwa wiki 6. Simlaumu kinyozi yule kwa ubaya. Nadhani hakuna aliyewahi kumweleza.

Na mapunye ni afadhali. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kuishi nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi. Tone la damu usiloliona kwenye wembe linatosha.

Kwa hivyo tukumbushane. Wembe ni mpya kwa kila mteja, ufunguliwe mbele ya macho yake. Mashine ipigwe brashi kwanza nywele zitoke, kisha meno yake yasafishwe kwa spiriti ya asilimia 70. Lile kasha la taa ya buluu halisafishi kifaa kichafu. Mwanga haupiti kwenye nywele wala mafuta. Vitana na makasi vioshwe kwa sabuni, kisha vilowekwe kwenye klorini. Kama chupa imeandikwa asilimia 3.5, tia kikombe 1 cha dawa kwa vikombe 6 vya maji. Loweka dakika 10, suuza, kausha vizuri, kwani klorini hula chuma. Taulo ni moja kwa mteja mmoja.

Wengi wenu mlijifunzia kazini, bila cheti. Msione haya. Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, NITA, huwapima mafundi kwa madaraja, na pia kuna mpango wa kutambua ujuzi uliopatikana kazini. Ulizeni katika chuo cha ufundi kilicho karibu nanyi. Cheti kitakufaa hata ukihamia mji mwingine, na leseni ya duka haiwezi kukufanyia hivyo.

Ombi langu ni moja. Siku utakayolipia leseni mpya, tenga saa chache za kujifunza jambo moja jipya, na umfunze kijana unayemwajiri. Mzazi anapokuachia kichwa cha mwanawe, hana njia ya kujua wembe ulipita wapi jana. Wewe unajua.

Sasa tuanze maswali.